Kulipima Gari la Mjane

Jumatano, 26 Februari

Nimeliona gari. Nilikwenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kazi, bila kupiga simu. Makusudi. Muuzaji akijua unakuja anawasha injini mapema, anaipasha moto, na gari likishapata moto huficha maradhi yake. Nikaweka kiganja kwenye boneti — baridi kabisa. Vizuri.

Gari la juu, viti saba, dizeli, gia otomatiki, rangi ya kijivu. Umri miaka kumi na mitano. Lilikuwa la mkandarasi wa barabara aliyefariki mwaka jana, na anayeuza ni mjane wake. Alinifungulia geti akiwa na mswaki mdomoni, wala hakuudhika. Akasema tazama tu baba, gari hili halina siri.

Kila kitu kina siri. Miaka thelathini na mmoja nakagua mizani za wauza nyama na sukari, na sijakutana bado na mizani isiyo na siri. Wanajua sokoni. Wakiniona na sanduku langu la mawe ya chuma wanapeana ishara: Mzee Ratili huyo, ondoa kidole.

Limewaka mara ya kwanza. Moshi mweupe kidogo, ukakata baada ya sekunde arobaini. Nikalala chini na tochi. Kutu kwenye chesisi, kushoto, ukubwa wa kiganja. Tone moja la mafuta nyuma ya injini, si bichi, si kavu. Nikaandika yote.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Aliuliza swali moja tu: linavuka kile kivuko cha njia ya mjini? Nikamwambia nimepima, kutoka ardhini hadi tumboni ni sentimita ishirini na tatu. Akasema hakuuliza sentimita.


Ijumaa, 28 Februari

Siku ya damu. Jumanne na Ijumaa, kila wiki, mwezi wa tisa sasa. Figo zake zimegoma zote mbili, mashine ndiyo inayomsafishia, na mashine iko mjini. Kilomita tisini na nne. Shemeji, mdogo wake, anatupeleka na kigari chake cha chini. Leo kimegonga tumbo mara mbili pale kwenye kivuko cha zege, na maji bado hayajafika hata kwenye kifundo cha mguu. Kila kikigonga, mke wangu anafumba macho.

Saa nne nzima kwenye mashine. Nesi aliniita kando. Aliuliza mvua zikianza tutavukaje. Nikasema natafuta gari. Akasema tafuta upesi: akikosa siku moja atavimba, akikosa mbili maji yatapanda kwenye mapafu. Halafu akaenda kufunga mirija ya mtu mwingine.

Tumewaza kuhamia mjini kwa binti yetu. Ana chumba kimoja, ghorofa ya nne, ngazi tupu. Mama yake anapumzika mara tatu kupanda vizingiti viwili vya hospitali.

Naogopa. Niandike wazi, maana hapa hakuna anayesoma. Nasinzia na hofu, naamka nayo.


Jumapili, 2 Machi

Nimerudi kwa mjane. Saa ileile ya asubuhi, boneti baridi tena. Leo nimeendesha kuzunguka mtaa wao, dakika tisa. Gia zinaingia laini, hata huzisikii. Breki sawa. Stelingi inavuta kulia kidogo.

Mjane anapenda kuzungumza. Anasema marehemu alilitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Akienda mjini, akifika juu ya kile kilima kirefu alikuwa akisimama nusu saa, analipumzisha, anavuta sigara yake, ndipo anaendelea. Nimeiandika hiyo upande wa faida: mwenyewe hakuwa na mbio.

Faida ninazo kumi na moja mpaka sasa. Kubwa kuliko zote: viti vya nyuma vinakunjwa, panabaki sakafu ya mita moja na sentimita themanini. Mke wangu ana mita moja na sitini na mbili. Godoro jembamba, mto, analala mpaka mjini. Nilipomwambia alikuwa kwenye cherehani anaunga kola ya sare ya shule. Hakuinua kichwa. "Anayelazwa nyuma ya gari ni maiti," akasema. "Mimi nitakaa mbele."

Nimeiacha kwenye faida. Atabadili mawazo.

Kasoro ninazo tisa. Ile ya mafuta inanisumbua. Na kilomita za dashibodi hazilingani na uchakavu wa pedeli ya breki. Mtu akidanganya hapo atakuwa amedanganya na kwingine. Nitakwenda tena.


Jumatano, 5 Machi

Leo nilikwenda na fundi. Jina lake la gereji ni Sikio. Anashika bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye injini, mpini anaubana sikioni, anafumba macho. Mtu mzima! Akamaliza akasema injini nzima, itakuzika wewe mzee. Nikamuuliza amejuaje. Amesikia.

Mimi na masikio hatujawahi kuwa marafiki. Kuna muuza samaki aliyeniapia kwamba anausikia uzito mkononi. Alikuwa anapunja robo kwenye kila kilo.

Kisha Sikio akasema giaboksi hawezi kuisemea. Ikiwa baridi haisemi kitu. Anataka aliendeshe saa nzima, apande nalo kilima mpaka lichemke, ndipo atajua. Nikamwambia hapana, hivyo ndivyo wauzaji wanavyotaka, gari likiwa moto linadanganya. Akasema injini ndiyo hudanganya ikiwa moto, giaboksi hudanganya ikiwa baridi. Nikamwambia kanuni ni moja: kitu hupimwa kikiwa kimetulia. Akacheka.

"Mzee, unalipima gari lililolala. Wewe unataka kununua kitanda?"

Nimemrudisha gerejini kwake. Sikupenda kile kicheko mbele ya mjane. Nitaazima kipimo cha mgandamizo kwenye karakana ya serikali, nipime kila silinda mwenyewe. Namba hazicheki.


Jumatatu, 10 Machi

Karakana wamechelewesha kipimo siku nne. Leo nimepima. Silinda tatu sawa, ya nne iko chini kidogo, ndani ya kiwango. Nikarudia mara tatu. Mjane aliniletea kiti. Alisema kuna mtu mwingine amelitazama, amelipenda, yuko tayari, lakini amemwambia asubiri kwa sababu mimi nina mgonjwa. Nikamshukuru. Halafu moyoni nikajiuliza kama huyo mtu mwingine yupo kweli.

Jioni ugomvi. Shemeji alikuja, akaliona daftari langu mezani, akasoma kwa sauti: vitu arobaini na kimoja, faida kumi na tisa, kasoro ishirini na mbili. Akauliza kasoro ya kumi na saba ni nini. Nikamwambia mpira wa mlango wa nyuma umechanika. Akalifunga daftari.

Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikamwambia sitauziwa mbuzi kwenye gunia. Akasema, "Shemeji, mbuzi umeshamtoa kwenye gunia, umemhesabu meno, umemhesabu vinyweleo. Dada yangu utampakia lini?"

Mke wangu alikuwa chumba cha pili anasikia yote. Alitoka na sare mkononi, uzi mdomoni. Akasema yeye nguo anaipima mara moja, anakata. Ikibana anaachia mshono. Akarudi zake ndani. Shemeji akanitazama kana kwamba nimeshapewa hukumu.

Hawaelewi. Nikikosea mimi, ni yeye atakayekuwa ndani ya gari hilo barabarani. Sina nafasi ya pili. Ndiyo maana napima.


Jumanne, 11 Machi

Mjini na kurudi. Kigari cha shemeji kimegonga mara nne. Nesi ameuliza tena. Nikasema wiki hii. Mawingu upande wa milimani, meusi, yamekaa tu hayaendi.


Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Toka saa nane mchana mpaka sasa, bila kupumua. Bati linapiga kelele hata redio haisikiki. Mke wangu amesimama dirishani muda mrefu anatazama mfereji.

Nilikuwa nimepanga kesho kutwa niende kwa mjane mara ya mwisho, na orodha safi.


Ijumaa, 14 Machi

Hatukuvuka.

Kivuko kimefunikwa. Maji ya rangi ya chai, yanakwenda kasi, yanabeba matawi. Malori yanapita. Gari moja la juu limepita, jeupe, maji yakaishia chini ya mlango, likatoka ng'ambo likapiga honi. Shemeji alijaribu. Maji yakaingia kwenye injini katikati, kigari kikazima, watu sita wakashuka kutusukuma kurudi nyuma. Mke wangu alikaa ndani, miguu juu ya kiti, mkoba kifuani, maji yakizunguka sakafuni. Alinitazama mimi peke yangu. Si maji, wala ndugu yake.

Nimempigia nesi. Akasema punguzeni maji ya kunywa, chumvi asiguse, na mje siku yoyote mtakayoweza. Akauliza lile gari liko wapi.


Jumamosi, 15 Machi

Nimenunua.

Sikulala chini, sikuweka mkono kwenye boneti. Mjane alinipa funguo mbili na kadi, akanishika mkono, akasema Mungu amponye mwenzako. Yule mtu mwingine alikuwepo kweli. Alikuwa amekaa sebuleni kwa mjane, na alinisalimu vizuri.

Mashine za damu zimefungwa mwisho wa wiki. Nesi anasema Jumatatu saa nne watatubana katikati ya watu wengine. Lakini akianza kukosa pumzi akiwa amekaa, tusingoje chochote, tuje saa hiyohiyo, watafungua.

Nilimtembeza mke wangu mtaani. Alikaa mbele, akafungua kioo, akampungia jirani. Alisema ni zuri, mtu anaona mbali. Nilifurahi kama mtoto, nikasahau kila kitu kwa dakika sita. Tuliporudi nikamwonyesha nyuma, godoro nimeshalitandika. Akanifurahisha, akajilaza. Hakumaliza hata dakika moja. Akainuka anahema, ameshika mlango. Hawezi tena kulala chali. Kifua kinajaa.

Ile faida namba moja. Nimeifuta.


Jumapili, 16 Machi

Miguu imevimba mpaka magotini. Nikibonyeza kidole panabaki shimo, milimita sita. Pumzi ishirini na mbili kwa dakika akiwa amekaa. Saa saba, ishirini na nne. Nikasema hiyo bado si dharura, nesi alisema akikosa pumzi, yeye hajakosa, zimeongezeka tu. Shemeji akapiga simu, akasema nendeni leo. Mke wangu akasema kama nitakavyoona mimi.

Nimeona twende kesho, tuliahidiwa saa nne. Leo nimebadili oili ya injini na chujio, nimejaza upepo, nimekaza nati za magurudumu yote. Nilipoingia ndani jioni alikuwa amelala akiwa amekaa, mashavu yamemjaa, mkono juu ya cherehani.


Jumatatu, 17 Machi

Tuko kilimani. Kilomita hamsini na nane. Nimekaa juu ya bampa la nyuma, naandika kwa sababu nimeambiwa ningoje saa nzima na mikono yangu haijui pa kukaa.

Kivuko tulikivuka. Maji yalikuwa mengi kuliko Ijumaa, na gari likakata katikati bila hata kutikisika. Mke wangu akacheka, kicheko kifupi, pumzi haimtoshi. Akanipiga begani akasema haya, Mzee Ratili, umeshinda. Nilitaka kulia.

Hiyo ilikuwa saa mbili kasoro. Kilima kikaanza. Katikati ya kupanda injini ikapaza sauti, mimi nakanyaga, gari haliendi. Injini inazunguka, magurudumu hayapati. Harufu ya kitu kilichoungua. Tukasimama wenyewe. Nikashuka nikachomoa kijiti cha mafuta ya gia: meusi, yananuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nimekwenda kwa yule mjane mara nne. Mara zote boneti baridi.

Na aliniambia. Kwa mdomo wake aliniambia kwamba marehemu alilipumzisha hapa, kila safari, nusu saa. Mimi nikaandika faida.

Nimempigia Sikio. Nilimweleza, akauliza mgonjwa yumo? Nikasema yumo. Hakusema nilikuambia. Afadhali angesema. Amesema nizime, lipoe saa nzima, halafu gia namba moja, nisisimame hata kama nimeona chui. Linaweza kufika juu. Linaweza lisifike. Nikigeuza, mteremko wenyewe utanirudisha mpaka kivukoni, na baada ya hapo ni tambarare. Nyumbani kuna zahanati yenye mtungi mmoja wa oksijeni. Mashine hakuna.

Shemeji hawezi kuvuka. Gari la wagonjwa liko safari nyingine, wamesema tungoje kama saa mbili au tatu hivi, barabara ikiruhusu.

Saa mbili na robo alipita dereva wa lori, amepakia saruji, akasimama. Akasema mama apande mbele, yeye anaingia mjini moja kwa moja. Mke wangu alikuwa ameshafungua mlango, mguu mmoja nje. Mimi nikatazama ngazi ya lori. Iko juu sana, ya kwanza inafika magotini kwangu. Nikawaza atapandaje, nikawaza akizidiwa njiani yule bwana atafanya nini, nikawaza pengine hili litapoa. Nikasema tungoje kwanza, tufikiri. Dereva akasema, "Baba, nimesimama kilimani na tani kumi. Amua." Nikamwambia dakika moja. Nikaenda kuishika boneti. Niliporudi alikuwa ameachia breki.

Mke wangu akaurudisha mguu ndani, akafunga mlango taratibu. Hakunilaumu.

Pumzi thelathini. Zilikuwa ishirini na sita. Midomo ina rangi nisiyoipenda.

Niwe mtulivu.

Kupanda. Faida: mashine iko huko, ndiyo dawa pekee. Kimebaki kilima nusu, kilomita nne hivi, halafu ni kushuka mpaka mjini. Kasoro: likiachia tena tutakuwa juu zaidi, hakuna nyumba, mtandao wa simu hafifu.

Kurudi. Faida: gari litafika, hiyo ni hakika. Oksijeni. Shemeji yuko upande ule na watu wa kumbeba. Kasoro: oksijeni haitoi maji. Mtungi ni mmoja na sijui kama umejaa. Kesho maji ya kivukoni yanaweza kuongezeka. Na nesi alisema asikose mara mbili. Leo ikipita itakuwa mara mbili.

Kukaa, tungoje gari la wagonjwa. Faida: wana vifaa. Kasoro: kungoja hata saa tatu nzima. Thelathini kwa dakika, zikipanda nne kila nusu saa —

Sikio alisema saa nzima. Imetimia dakika kumi na mbili zilizopita. Nimeigusa boneti, vuguvugu. Vuguvugu ni kiasi gani? Sikumuuliza. Nimempigia tena, hapokei.

Amegonga kioo. Nimekwenda. Ameuliza naandika nini. Nikasema napima tu, mbele na nyuma, nione lipi lina nafuu. Akanitazama kwa huruma, mimi, yeye anayekosa pumzi. Akasema niache hilo daftari. Nikasema sawa. Nikarudi huku nyuma kuchukua kalamu.

Thelathini na nne.

Ananiita. "Washa gari." Maneno mawili, na katikati yake amepumzika. Hakusema twende wapi. Pengine kwake ni sawa popote, mradi tuondoke hapa. Nimemjibu nakuja, namalizia mstari huu